Paa la gari limechanika na maji yanaingia: nilibadilishe mwenyewe?

*Shikamoo fundi. Nina Eunos Roadster ya 1993, gari dogo la Mazda la viti viwili na paa la kukunja, ile ya taa za kuinuka, niliyoinunua kwa mzungu mmoja wa Casuarina, hapa Malindi, aliyekuwa akirudi kwao. Paa la kitambaa limechanika ubavuni, dirisha la nyuma la plastiki limekuwa rangi ya chai ya rangi, na mvua ikinyesha nakuta maji nyuma ya viti. Fundi mmoja wa tuktuk ameniambia atanishonea paa jipya la turubai, kazi ya siku moja. Binamu yangu anasema tuagize lililoshonwa tayari tulifunge wenyewe nyumbani. Spana ninazo na subira ninayo, uzoefu sina. Nimfuate nani? – Msomaji, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Mfuate binamu yako. Lakini kabla hujaagiza kitu, chukua kikombe cha maji uende nacho garini, kwa sababu huo mpasuko wa ubavuni na hayo maji ya nyuma ya viti huenda havijuani kabisa.

Paa la gari hili halikuundwa kumwaga maji yote nje. Yale yanayoteremka juu ya kitambaa kuelekea nyuma huingia chini ya ukingo wa bodi, yakapokewa na mfereji wa plastiki unaozunguka kutoka bega moja la gari hadi la pili. Mfereji huo huyapeleka kwenye matundu mawili, moja kila upande, karibu na nguzo za mikanda ya usalama. Kutoka hapo hushuka kwa mabomba yakatokea chini ya gari, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Gari lako limelala Casuarina miaka, chini ya mivinje. Unayajua majani ya mvinje, membamba kama sindano. Yakichanganyika na vumbi na chumvi hufanya kizibo ambacho hata seremala angekisifu. Tundu likiziba, mfereji hujaa na kumwagikia ndani. Na kabla hujaona tone kwenye kapeti, maji yamekwisha kukaa ndani ya kizingiti cha chini ya mlango, yanakila kwa kutu kimya kimya. Magari haya hufa kwa ugonjwa huo kuliko kwa injini.

Kwa hiyo mimina kikombe chako polepole kwenye tundu la upande mmoja, na binamu yako achungulie chini. Maji yakitoka mara moja, vizuri. Yakisita au yasipotoka, zibua kwa mshipi mnene wa kuvulia, ule wa samaki wakubwa, ukiusukuma na kuuzungusha taratibu. Usitumie waya. Waya hutoboa bomba au hulichomoa mahali pake, na baada ya hapo maji yataingia ndani ya bodi daima bila wewe kujua yamepitia wapi.

Wazee wa vyombo wana msemo: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yaingie mbele au nyuma ya chombo, mtayakuta pamoja chini, kwenye ngama. Gari nalo ni hivyo hivyo. Mahali unapoyaona maji ni ngamani tu, si pale yalipoingilia. Ukishazibua matundu, keti ndani na tochi, paa limefungwa, mwenzako amwage maji kwa mpira bila nguvu, akianzia chini na kupanda juu, sehemu moja kwa dakika kadhaa. Maji ya miguuni mara nyingi hutoka kwenye raba za kioo cha mbele na za juu ya madirisha ya milango. Ya nyuma ya viti hutoka mferejini, ama kwa kuziba ama kwa plastiki yake kupasuka. Ukifunga paa jipya juu ya matundu yaliyoziba, utakuwa na paa zuri na gari lenye maji.

Sasa huyo fundi wa tuktuk. Simdharau, maana huko ndiko nilikotoka. Nilishona mapaa ya tuktuk kabla sijagusa viti vya magari wala vivuli vya boti, na naijua hesabu inayomfanya aseme siku moja: mabomba yamenyooka, turubai juu, vifungo pembeni, umemaliza. Mara ya kwanza nilipoletewa gari la paa la kukunja nilisema maneno yale yale. Nikalitoa la zamani, nikalitandaza sakafuni, nikakata turubai kwa kulifuatisha. Lilikaa vizuri, mwenye gari akapiga picha. Siku aliyotaka kulikunja, halikukunjika. Turubai la tuktuk ni zito na hujikunja linapotaka lenyewe, si fremu inapotaka. Alipolilazimisha, fremu ikapinda. Mvua ya kwanza ikapenya kwa kila tundu la sindano, kwa sababu mishono sikuiziba. Nilimrudishia pesa zake, na fremu nikainyosha kwa gharama yangu.

Kosa kubwa zaidi sikuliona mpaka baadaye: kile kitambaa cha zamani nilichokifanya kipimo kilikuwa kimevutika hapa na kurudi pale kwa miaka. Paa la kiwandani hukatwa kwa kipimo cha fremu, lina mifuko ya kupitishia kebo za pembeni (nyaya zinazovuta kingo za kitambaa juu ya madirisha), na likiwa la vinili mishono yake huunganishwa kwa joto ili isivuje. Kwa cherehani ya barabarani, kitu hicho hukipati.

Vitambaa ni vya aina mbili. Kuna vinili, yaani plastiki iliyopakwa juu ya nguo, na ndiyo iliyokuja na mengi ya magari haya. Ni ya bei nafuu na husafishika upesi. Kuna na kitambaa cha tabaka tatu: nguo ya akriliki juu, mpira katikati, nguo nyingine ndani. Kampuni ya Haartz ya Massachusetts, Marekani, hutengeneza kinachojulikana sana, Stayfast. Kwa jua letu, kama mfuko unaruhusu, mimi nachukua cha tabaka tatu. Vinili kadiri inavyopigwa na jua hupoteza ule ulaini wake, ikawa ngumu, ikarudi, kisha ikapasuka palepale inapokunjwa, na nadhani huo mpasuko wako wa ubavuni ni wa namna hiyo. Lakini kitambaa nacho kina sharti lake: usikikunje kikiwa na unyevu. Kwa hewa ya pwani, siku mbili tatu tu utaona madoa ya ukungu. Na usidanganywe na kitambaa cha vivuli vya boti, ingawa nacho ni akriliki na rangi yake haipauki ovyo. Hakina mpira katikati. Ni cha kuzuia jua na manyunyu, si mvua ya Mei inayogonga huku uko mwendoni.

Dirisha chagua la kioo halisi. Plastiki lazima ufungue zipu kila unapolaza paa, na siku utakayosahau itavunjika kama papadi. Gari lako ni toleo la kwanza, lililotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997. Mapaa ya toleo la pili, la 1998 hadi 2005, yaliyokuja na kioo, huingia kwenye fremu yako bila kukata chochote, na kioo hicho hulala bila zipu. La toleo la tatu na kuendelea usiagize, halihusiani na lako. Ukiona ncha za nyaya kwenye kioo, ni za kuondoa ukungu wakati wa baridi; kwa Malindi waweza kuziacha zilivyo.

Muuzaji mwulize swali moja kabla ya bei: je, mfereji wa plastiki umekwisha bandikwa kwenye paa? Yapo mapaa ya bei ya chini yanayouzwa bila mfereji, ili uuhamishe wa zamani. Wa gari la 1993 utakuvunjikia mikononi. Lipa zaidi, chukua lenye mfereji. Agiza na kebo mbili za pembeni, na angalia raba zako zote kwa kidole: zikiwa zimekauka na kupata nyufa, ongeza raba kwenye oda hiyo hiyo. Usizipeleke kwa fundi wa viatu azitie gundi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Roadster za umri wa lako zilizopo nchini ziliingia zamani na hazitaongezeka. Usitegemee kuipata raba yake duka lolote la spea la hapa. Ukiipata Mombasa, shukuru.

Kazi yenyewe itengee siku mbili. Fundi mzoefu huimaliza kabla jua halijazama, wewe usishindane naye. Usiifanye wakati wa masika. Kaskazi ikivuma, Januari au Februari, mvua ni chache na una jua la kutosha. Paa jipya hutoka kwenye boksi na mikunjo; litandaze juani kwa saa moja, ndani kukiangalia juu, litalainika. Usiku wa kuamkia kazi, zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu nati zote za nyuma, chini ya kapeti iliyo nyuma ya viti. Kwa chumvi ya bahari hii, nati isiyolowekwa hukatika na skrubu yake, na kuitoa itakula nusu ya siku yako.

Asubuhi, piga picha za kila kitu kabla hujagusa. Si moja mbili, piga arubaini. Shusha madirisha ya milango. Ondoa kapeti ya nyuma, utaona bamba za chuma zinazobana kitambaa na mfereji kwenye bodi, kwa nati za namba kumi. Bamba ya kati ni ndefu, za pembeni ni fupi, na kulia si kushoto: ziandike kwa chaki. Wako wanaotoa fremu yote garini, bolti tatu kila upande, wakafanyia kazi mezani. Ni njia nzuri kwa mwenye mkono uliozoea. Wewe iache garini, kwa sababu gari lenyewe ndilo kipimo chako.

Fungua makomeo, inua boriti ya mbele, yaani ule upau unaokamata kioo cha mbele. Chomoa raba yake, kisha ukanda wa chuma unaoibana, halafu bandua kitambaa kilichogandishwa kwa gundi. Pembeni, raba hukaa kwenye reli zilizofungwa kwa skrubu, na ncha za kebo zimebanwa. Palipo na riveti itoboe kichwa kwa drili, usiing'oe kwa bisibisi ukapanua tundu. Kwenye mataruma (mimi huita hivyo zile pinde za kati, kama mbavu za jahazi) kuna vijiti vya chuma vilivyoshika kitambaa kwa ndani. Kumbuka kipi kilikuwa wapi. Paa la zamani usilikatekate, lilaze pembeni likiwa zima. Utalirejea mara nyingi kuliko unavyodhani.

Sasa fremu iko uchi. Hapa watu hukimbilia kufunga jipya kwa sababu wana hamu, na mimi hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote. Osha kila kiungo kwa maji ya bomba, si ya kisima chenye chumvi. Piga msasa mahali pote penye kutu, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke, kisha rangi nyeusi. Viungo vitie mafuta kidogo. Kwangua gundi kuukuu yote kwenye boriti ya mbele. Gundi mpya juu ya kuukuu haidumu. Fungua na kufunga fremu tupu mara kadhaa, na kama inakwama, rekebisha sasa. Kitambaa kikishaingia hutaweza.

Kanuni ya kufunga ni moja: anza tezi, maliza omo, yaani anza nyuma, umalizie mbele. Weka paa juu ya fremu likiwa legevu, vuta mfereji na kingo za nyuma uziingize kwenye skrubu za bodi, rudisha bamba, kaza nati kwa vidole tu. Anzia katikati ya nyuma kwenda pembeni, kulia na kushoto kwa zamu, usije ukavuta upande mmoja. Kagua dirisha limekaa katikati. Pitisha kebo kwenye mifuko yake kabla ya kitu kingine. Funga kebo kwenye waya mwembamba wenye ncha iliyopindwa, na waya ndio uivute. Springi ya kebo irudi upande ule ule ilikokuwa. Funga kitambaa kwenye mataruma, ndipo urudi nyuma ukaze nati sawasawa, bila kutumia nguvu za kuvunja plastiki.

Mbele ndipo penye mtihani. Legeza makomeo yote mawili mpaka mwisho, yana skrubu ya kurefusha. Funga paa, vuta kitambaa mbele kwa mikono miwili mpaka mikunjo ya juu iondoke, weka alama ya chaki pale kinapopinda kwenye ukingo wa boriti. Fungua, pinda kitambaa kwenye alama, ukibane kwa vibanio vya nguo. Vibanio hivi hivi vya kuanikia. Funga tena, angalia. Kikilegea, sogeza alama kwa upana wa penseli, ujaribu tena. Utarudia mara nne au tano, na usione haya. Kisha liache limefungwa na vibanio vyake ulale. Kitambaa kitajinyoosha usiku na asubuhi kukicha utakuta alama yako inataka kusogea kidogo. Anayepaka gundi siku ya kwanza ndiye anayelipia paa mara mbili.

Gundi iwe ya kugusana, ile inayopakwa pande zote mbili na kusubiriwa ikauke kiasi cha kutoshika kidole. Uliza inayostahimili joto kali. Ya kawaida, gari jeusi likilala uwanjani saa saba mchana, hulainika na kitambaa kikaanza kurudi kidogo kidogo. Paka asubuhi mapema kivulini. Saa sita jua huikausha juu kabla ya chini, ikashika kwa jina tu. Bandika katikati kwanza, kisha pembe. Rudisha ukanda wa chuma na raba, pembeni vivyo hivyo. Riveti nunua za alumini au chuma kisichoshika kutu. Kitambaa cha ziada usikikate mpaka umelifunga na kulifungua paa likakubali.

Makomeo yatakuwa magumu siku za mwanzo, huenda ukahitaji mtu akandamize kwa juu. Acha paa limefungwa wiki nzima bila kulikunja, hata kama marafiki wanasubiri kupanda nalo kwenda Watamu. Wiki ikipita, kaza makomeo kidogo, ndipo urudie kile kipimo cha mpira wa maji na tochi.

Baada ya hapo ni kuosha. Maji ya bomba na sabuni laini, brashi ya nywele laini, hasa miezi ya kusi upepo unapoleta chumvi. Usilipeleke kwenye mashine ya kuosha kwa maji ya kasi, itafumua mishono. Usipake petroli wala mafuta ya taa kuondoa lami. Na yale matundu mawili yazibue kila baada ya miezi mitatu, au uhamishe gari chini ya mti mwingine, lakini hata mwarobaini hupukutisha majani.

Yule fundi wa tuktuk usimwache na kinyongo. Mpelekee gari likiwa limemalizika, mwambie akushonee kifuniko cha turubai cha kulivika likilala nje, kilegee kidogo, chenye mshipi wa kufungia chini na kitambaa laini kwa ndani pale kitakapogusa dirisha. Hiyo ataimaliza kwa siku moja kama alivyosema, na ataishona vizuri kuliko mimi.